Fedha za kulinda amani ya wenzetu: zirudishwe nyumbani?

MkungaKaskazini (Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita, na nimeona bora nilitoe hapa kuliko kulala nalo tena.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya kimoja huku Kaskazini Pemba. Kituo sikitaji, si lengo langu. Ijumaa usiku nilimzalisha mzazi mmoja mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, mzima, na mama yake mzima, alhamdulillahi. Lakini mota ya pampu ya kisima chetu imeungua, huu mwezi wa pili. Mfereji ukiufungua unatoa upepo. Maji yote ya usiku ule yalikuwa ndani ya pipa moja la buluu nyuma ya mlango, yameletwa kwa gari ya ng'ombe na mjomba wa yule mzazi. Nilinawa huku bibi wa mtoto akinimiminia kwa kopo la maziwa ya unga, kidogo kidogo, kama mtu anayemtawadhisha mgonjwa. Aliponiona nasugua mara ya pili akaniuliza, "Mwanangu, yatafika asubuhi hayo?" Vifaa vichemshwe, sakafu ioshwe, mashuka yarowekwe, mzazi aoge, yote pipa moja. Yalifika. Yalifika kwa sababu mzazi alikuwa mmoja. Angeingia wa pili usiku ule, hata leo sina jibu ningefanya nini.

Asubuhi narudi nyumbani nakuta redio ya baba iko juu, wanazungumzia askari wa kulinda amani Kongo. Baba akasema: "Wale wanapelekewa magari, mahema, majenereta, mpaka helikopta. Sisi tunalilia mota." Ami yangu alikuwa pale barazani, akamjibu kwamba askari wale hatuwagharimii sisi. Wakabishana mpaka chai ikapoa na mkate wa kumimina haukuguswa. Fundi wa pampu alishatwambia: milioni mbili na laki nne, mota mpya na kuifunga.

Na mimi sisemi haya kama mtu wa pembeni. Mdogo wangu ni askari wa JWTZ, na alikwenda Kongo, upande wa Beni. Ile tarehe 7 Disemba 2017, waasi wa ADF walipoivamia kambi ya Semuliki na kuua vijana wetu wasiopungua 14, yeye alikuwa kambi nyingine. Hilo tumelijua baadaye. Siku mbili simu yake haikupatikana. Mama alikaa kwenye mkeka pale ukumbini na tasbihi yake, kila mlango ukigongwa anasimama, halafu anakaa tena. Siku ya tatu simu ikalia, mama akashindwa kuipokea, nikaipokea mimi. Wenzetu wengine simu zao hazikulia. Miongoni mwa wale vijana walikuwemo wa visiwani humu, wakaletwa wakazikwa kwao.

Na posho aliyorudi nayo ndiyo iliyoondoa makuti nyumba ya mama. Mvua ya masika ikinyesha sasa, mama hahamishi godoro. Kwa hiyo nikisema "fedha zile zirudi nyumbani", nasema chini ya bati lililonunuliwa kwa fedha zile zile. Nalijua hilo na linaniuma pande zote mbili.

Naomba wenye kujua wanambie kweli. Fedha za kuwaweka vijana wetu Kongo, Afrika ya Kati na kwingineko zinatoka wapi? Tukiwarudisha, ile fedha inakuja kwetu, kwenye maji na mota na wakunga? Au baba yangu anagombania kitu ambacho hakipo?

MstaafuMtoni (Unguja)

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimestaafu jeshini na nilikuwa Darfur, Sudan, mwaka ule wa 2013, wenzetu 7 walipouawa karibu na Khor Abeche tarehe 13 Julai. Nitakujibu kwa ninayoyajua.

Ami yako na baba yako kila mmoja ana nusu ya haki.

Kwenye vikosi vya Umoja wa Mataifa, bili kubwa si yetu. Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Unaomba askari kwa nchi, halafu unailipa nchi fidia. Julai 2022 kiwango kiliwekwa dola 1,448 kwa askari mmoja kwa mwezi. Fedha hiyo haiingii mfukoni mwa askari, inakwenda serikalini, na serikali ndiyo inayompa askari mshahara wake na posho kwa utaratibu wake. Mkononi mwa askari Umoja wa Mataifa unaweka dola 1 na senti 28 kwa siku, na kidogo tena siku za likizo. Watu wengi hawajui hili, wanadhani kila kijana anarudi na kiroba cha dola.

Magari na mahema nayo hulipiwa. Nchi ikipeleka magari yake na kuyatunza yenyewe, inalipwa kodi ya yale magari kila mwezi. Kila baada ya miezi mitatu wanakuja wakaguzi na daftari, wanawasha gari moja moja. Lililokufa halilipwi. Nimeona kamanda anakesha na mafundi chini ya lori usiku kucha kwa sababu wakaguzi wanakuja asubuhi. Chakula, maji na mafuta unatoa Umoja wa Mataifa wenyewe.

Wanaolipia yote hayo ni nchi wanachama, kila mmoja kwa fungu lake. Marekani peke yake inatozwa zaidi ya robo ya gharama, China inafuatia. Nchi zilizo katika kundi la maskini kabisa, na sisi tumo, tunapunguziwa asilimia 90 ya fungu letu. Kwa hiyo tukitoka kesho kwenye vikosi vya Umoja wa Mataifa, hatuokoi kitu cha maana. Tunakosa.

Ila baba yako naye asikizwe. Kwanza, fidia inachelewa, maana wakubwa wenyewe wanachelewa kulipa, na mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza kama robo ya askari wake kwa kukosa fedha. Muda wote fidia inapochelewa, nchi iliyopeleka askari ndiyo inayobeba. Pili, si kila safari ni ya Umoja wa Mataifa. Msumbiji tulikwenda na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuanzia 2021 hadi 2024. Kongo tena, SADC hiyo hiyo, kuanzia Disemba 2023, mpaka wakuu wakaamua Machi 2025 kukisimamisha kikosi. Kule hakuna dola 1,448. Mzigo uko juu ya nchi za SADC zenyewe. Na damu ilimwagika huko pia: Aprili 2024 Watanzania watatu waliuawa kwa bomu la mzinga, Januari 2025 tukapoteza wengine wawili.

Ukitaka kuuliza "fedha yetu imekwenda wapi", uliza kwanza safari gani.

MkungaKaskazini

Ahsante sana mzee wangu, Mungu akuzidishie afya. Nimekaa na kalamu. Dola 1,448 ni zaidi ya shilingi milioni tatu na laki tano. Mdogo wangu kwa mwezi mmoja wa kusimama Beni angelipiwa fidia kubwa kuliko bei ya mota yetu na kufungwa kwake. Mwezi mmoja. Yeye alikaa zaidi ya mwaka.

Na kikosi cha watu 850, ambacho ndicho mdogo wangu anasema ni batalioni nzima, ni zaidi ya dola milioni 1 na laki mbili kwa mwezi. Hizo zikishaingia zinakwenda wapi?

KijanaMwera

Dada yangu, pole na hongera kwa kazi. Mimi nasema warudi, na si kwa sababu ya fedha.

Walinda amani wameingia Kongo 1999. Jina limebadilishwa 2010, askari wamebadilishwa, majenerali wamebadilishwa. Januari 2025 waasi wa M23 wameingia Goma mjini na walinda amani wamo humo humo. Miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku walinda amani wanaingia keshaoa, na bado anakimbia. Sasa kijana wa Kojani au wa Makunduchi afe kule kwa kitu ambacho hakiishi? Fidia ya dola haimrudishi mtu.

MstaafuMtoni

Mwanangu wa Mwera, sikubishii kuhusu Goma. Lakini tazama pia mwaka 2013. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 mwezi Machi, kikaundwa kikosi cha kushambulia, si cha kukaa na darubini tu: sisi, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo huo M23 wakaweka silaha chini. Kazi iliwezekana kwa sababu ilielezwa waziwazi na askari waliwezeshwa. Yaliyofuata baadaye ni ya wanasiasa, ya Kinshasa na ya majirani zake. Askari analinda mlango, nyumba anaijenga mwenyewe mwenye nyumba.

Na Msumbiji usiione mbali. Oktoba 2020 wale wapiganaji wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakaivamia Kitaya, Mtwara. Hapo si kulinda amani ya wenzetu tena.

WeteBarazani

Mimi naona hapa limesahauliwa jambo moja ambalo kwetu Wazanzibari ni kubwa kuliko yote.

Ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya Katiba. Mambo ya nje pia. Afya na maji ya Zanzibar si ya Muungano. Bajeti ya kituo chako dada inapitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, na bajeti ya jeshi inapitishwa na Bunge Dodoma. Ni makabati mawili, kila moja na ufunguo wake. Hata ikiamuliwa kesho kwamba hakuna askari wetu hata mmoja nje, ile fedha inabaki Hazina ya Muungano. Haipandi boti yenyewe ikaja Mkoani.

Nimefanya kazi ya uhasibu serikalini miaka mingi, na nimeona jinsi fedha kutoka kabati lile kuingia kabati hili inavyozungumzwa miaka na miaka. Tume ya Pamoja ya Fedha ipo kwenye Katiba, ibara ya 134, kwa ajili hiyo hiyo: nani kachangia nini, nani apate nini. Na lile gawio la Zanzibar la asilimia 4.5 la misaada ya kibajeti mnalijua, limeshazungumzwa mpaka limechakaa.

Kwa hiyo baba yako akisema "warudi ili tupate mota", ninamwelewa kabisa uchungu wake, lakini njia ile haifiki alipokusudia. Mota yenu iko Chukwani, haiko Beni. Ila swali lako la pili, fidia inaingia wapi, lina uzito mkubwa. Vijana wa Pemba na Unguja wanakwenda wakiwa sehemu ya jeshi la Muungano, wanakufa wakiwa hivyo, na fidia inaingia kabati la Muungano. Je, katika kuhesabu mchango wa Zanzibar, damu hii imo kwenye hesabu?

BintiMicheweni (Mombasa kwa sasa)

Nimesoma yote na nimeshindwa kupita kimya.

Januari 2001 nilikuwa na miaka tisa. Baada ya polisi kuwapiga watu risasi tarehe 26 na 27, tuliondoka Micheweni usiku, mashua moja, watu tumebanana kama dagaa, mama kamfunga mdogo wangu kifuani kwa kanga mbili. Bahari ilikuwa ya kaskazi. Nakumbuka nahodha akisema tusiwashe hata kiberiti. Alfajiri tukaona miti ya Shimoni.

Tulikuwa zaidi ya elfu mbili tuliovuka mwaka ule kwenda Kenya. Wapemba, wakimbizi. Neno hilo lilikuwa letu. Wenyeji wa Shimoni hawakuwa matajiri, ni wavuvi kama sisi. Kuna bibi mmoja pale alituweka watu kumi na mmoja kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kisima chao kilikuwa na maji ya chumvi chumvi, na maji matamu wanayafuata mbali kwa madumu. Alituuliza nani hajaoga. Hakuuliza maji yatatosha au hayatoshi.

Sisemi mota isinunuliwe. Dada mkunga, ningekuwa na uwezo ningekutumia leo. Lakini kila nikisikia "ya wenzetu yanatuhusu nini" namwona yule bibi na dumu lake. Mama Mkongo anayekimbia na mtoto kifuani ni mama yangu kwenye ile mashua.

KijanaMwera

Dada Binti, nimesoma mara mbili. Yule bibi alitoa cha kwake kwa hiari yake, na Mungu amlipe. Kijana wa kambini hupangiwa. Hapo ndipo ninapobaki. Lakini hilo la 2001 limenigusa, baba yangu naye ana habari zake za mwaka ule na hajawahi kunihadithia vizuri.

MkungaKaskazini

Nimechelewa kurudi, nilikuwa zamu.

Jana jioni nilimwita mdogo wangu, yuko likizo, tukakaa nyuma ya nyumba mama anapoanikia karafuu. Tangu arudi hajapata kunizungumzia Kongo zaidi ya kusema kule kisamvu wanakiita sombe na Kiswahili chao kitamu. Nikamsomea haya yenu yote. La dada wa Micheweni nilipolisoma aliinamisha kichwa.

Halafu akanihadithia kitu. Kazi yao kubwa pale ilikuwa barabara. Kina mama wanakwenda kulima asubuhi, na wale waasi wanawavizia huko huko mashambani. Kikosi kikipita barabara ile alfajiri, kina mama wanatoka. Kikosi kisipopita, hakuna anayetoka, na siku ile watoto hawali. Na akanambia kulikuwa na zahanati ndogo kwenye kijiji kimoja walichokuwa wakilala karibu nacho. Mkunga wa pale alikuwa akizalisha usiku bila taa, madirisha kayaziba kwa mablanketi, mwanga ni wa simu tu ameufunika kwa kiganja, ili watu wa msituni wasione kuna nyumba yenye watu. Siku kikosi kipo anawasha taa. Asubuhi anakuja kambini na ndoo anaomba maji, wanampa kwenye tangi lao.

Nikamuuliza, alikuwa akipata ndoo ngapi? Akasema mbili, wakati mwingine tatu.

Nimelala na hilo. Mimi nina pipa na nina taa.

Baba nimempelekea maelezo yenu, hasa ya mzee na ya ndugu yetu wa Wete. Amekubali kwamba kuwarudisha askari hakutatia maji kwenye mfereji wetu. Hakukubali kwamba basi anyamaze, na mimi pia sikubali. Kwa sababu kama nchi inapokea fidia kwa kila mwezi wa mdogo wangu aliosimama barabarani kule, basi nasi tuna haki ya kujua imeingia kiasi gani, imefanya nini, na waliorudi na majeraha na wajane wa Semuliki wamepata fungu gani. Na safari za SADC, ambazo mzee kasema tunazibeba wenyewe, naona zielezwe gharama yake hadharani kabla vijana hawajapanda ndege, tukubali tukijua. Mimi ningekubali. Baada ya jana, ningekubali. Lakini niulizwe.

La mota tutalipeleka kwa sheha kwa maandishi, na nakala kwa mwakilishi wetu wa jimbo, kwa kuwa sasa najua ni kabati la Chukwani. La fidia nataka kumpa mbunge wetu akija. Mimi lugha ya Bungeni siijui. Mzee wa Mtoni na ndugu wa Wete, nisaidieni kuandika.

WeteBarazani

Fanya fupi, asipate pa kukwepa. Mwandikie hivi:

"Kwa kila mwaka tangu 2013, Serikali imepokea fidia kiasi gani kutoka Umoja wa Mataifa kwa askari na vifaa vyake, ni kiasi gani bado inadai, na fedha iliyopokelewa iliingia fungu gani la bajeti?"

MstaafuMtoni

Na chini yake ongeza hili, mwanangu, kwa ajili ya wenzangu:

"Familia ngapi za askari waliofariki au kuumia katika ulinzi wa amani zimekamilishiwa haki zao, ngapi bado, na za Unguja na Pemba ni ngapi?"

Uliandike kwa mkono, mpe mbele ya watu, na ubaki na nakala.